Mgeni Ndani ya Jezi ya Trell

Namba sitini na nne alivua helmeti, akageuka kututazama, na hakuwa mwanangu.

Kwenye televisheni alisimama kijana mweupe mwenye madoadoa usoni na nywele za rangi ya mahindi. Alikuwa amevaa jezi ya Chuo cha Chatoma, jezi ya Trell, na mgongoni iliandikwa Whitlow. Katika maisha yangu sijamjua Whitlow yeyote. Sebule nzima ilinyamaza, mpaka shemeji yangu Clovis akashindwa kujizuia, maana huyo hakuumbiwa kimya.

"Shemeji, huko chuoni wanamwogesha mpwa wangu na nini? Mbona amepauka hivyo?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa sababu nyumba ilikuwa yangu na mbavu za nguruwe zilikuwa bado kwenye moto.

"Mashine imekosea," nikasema. "Kitu kipya hakikosi kasoro."

"Kasoro gani inabadilisha mtu mpaka ukoo?" akauliza Clovis, na safari hii waliocheka walikuwa wachache.

Kwetu Alabama mgeni huulizwa kwanza anashabikia chuo gani, halafu ndipo huulizwa anasali wapi. Gemu lile la video tulilowasha kwenye televisheni, la mpira wa Kimarekani wa vyuo, lilikuwa limepotea madukani kwa miaka mingi, na liliporudi lilirudi na wachezaji wenyewe, kwa majina na sura zao, mradi mchezaji mwenyewe akubali. Nilimwambia mchungaji kwamba mwanangu atakuwamo. Trell sikumuuliza. Nani angekataa? Mchungaji akatangaza kanisani, katikati ya majina ya wagonjwa na ya wafiwa, na watu wakapiga makofi kana kwamba kijana amepewa uaskofu. Ndiyo maana Ijumaa ile ya Julai ndugu na majirani walijazana kwangu tangu watoke kazini, wengine wamevaa fulana zilizochapwa namba sitini na nne.

Verlene, mke wangu, hakucheka. Aliingia jikoni, na nikasikia maji yakitiririka muda mrefu kuliko vyombo vilivyokuwamo.

Sitalisema vibaya gemu lile. Waliolitengeneza wanaupenda mpira. Ukungu wa asubuhi unaning'inia juu ya nyasi vilevile kama Chatoma. Matarumbeta ya chuo yanapoanza, nywele za mikono zinakusimama, na mashabiki wanaruka mpaka picha inatikisika. Ukiwa mrushaji wa mpira unahisi uzito wa uwanja mzima mabegani. Ukiwa mkimbiaji unayeubeba, upenyo ukifunguka mbele yako, moyo unakuponyoka.

Lakini ule upenyo hufunguliwa na mtu. Hapo ndipo lilipo na kasoro. Watu watano wa mstari wa mbele, ambao Trell alikuwa mmoja wao, kazi yao ni kugongana na wenzao kila mpira unapoanza ili mwingine apite na sifa. Katika gemu, hao wanajiendea wenyewe kama trekta lisilo na dereva. Wanagonga, wanaanguka, wanainuka. Kesho yake asubuhi nilimkodolea macho huyo Whitlow peke yake, nikauacha mpira uende unakokwenda. Aligonga kichwa kwa kichwa kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mechi, na kila mara aliinuka kama mtu aliyekuwa amekaa kwenye kochi. Nikaanzisha mechi nyingine. Akawa mpya kabisa.

Verlene alitokea mlangoni akiwa na sare ya kazi, anakwenda zamu kwenye nyumba ya kulelea wazee.

"Mashine haikukosea, Roosevelt."

"Unajua nini wewe?"

"Sijui kitu. Namjua mwanangu."

Niliweka padi ya gemu chini, nikachukua funguo za pikapu.

Nilimkuta Trell nyuma ya bweni, amekaa ngazini kivulini, miwani myeusi usoni. Kijana wa kilo mia moja na arobaini, amejikunja kama anasubiri basi lililokwisha kupita. Hata salamu hakutoa.

"Umeona," akasema.

"Nimeona Mzungu kavaa jezi yako mbele ya ukoo mzima."

Alitaka kutabasamu. "Anacheza vizuri?"

"Anagonga kuliko wewe."

"Basi mwachieni agonge."

Nikakaa ngazi ya chini yake. Ngazi zilikuwa za moto hata pale kivulini.

"Timu nzima imo, Trell. Hata yule mpiga mateke wenu, anayefungiwa kamba za viatu na mama yake, yumo. Ulikataa?"

"Nilikataa. Wakaziba nafasi na mtu wa kubuni."

"Kwa nini?"

"Ningekuwemo, Baba, ungenicheza kila siku. Halafu siku ninakuja kukwambia nimeacha mpira, ungekuwa na wana wawili, mmoja sebuleni anacheza, mwingine mlangoni ameacha. Namjua ambaye ungemkaribisha."

Niseme ukweli, nilitaka kumzaba kofi. Mimi niliacha shule darasa la kumi nikaenda kuning'iniza kuku kwenye kiwanda cha kuchinja, na tangu hapo sijaingia darasa lolote isipokuwa kumfuata yeye. Katika ukoo wetu wa Pettway hakuna aliyewahi kumaliza chuo. Trell alikuwa chuoni kwa ajili ya mabega yake. Akiacha mpira, ufadhili unaondoka, na chuo kinaondoka nao. Nilimwambia yote hayo, na sikuyasema kwa upole. Mwanafunzi aliyekuwa anapita na baiskeli alibadili njia.

Trell alinisubiri nimalize.

"Mama hakuja?" akauliza.

"Yuko kazini. Zamu ya Jumamosi."

Akaitikia kwa kichwa. Akavua miwani, akayakunja macho kama mtu aliyemulikwa na gari. Alisema mwanga unamuumiza tangu mazoezi ya masika. Siku moja aligongana na mtu akaona weupe mtupu, na wiki iliyofuata akaona tena. Alisema kitabu akikifungua, mistari inahama kama sisimizi.

"Kocha anajua?"

"Kocha anajua ninachomwambia."

"Na unamwambia nini?"

"Kwamba niko fiti."

"Huo ni uongo."

"Ndiyo. Nimejifunza kwako. Ulikwenda kazini wiki nzima na mbavu mbili zimevunjika."

"Mbavu si kichwa, wewe mpumbavu."

"Ndicho ninachokwambia, Baba."

Mahali fulani nyuma ya majengo kulikuwa na wenzake wanafanya mazoezi, filimbi inalia, na sauti ile ya helmeti kwa helmeti, ambayo nilikuwa nimeipenda maisha yangu yote. Nilikuwa najipanga. Nilikuwa nimeshapata maneno: apumzike mwezi mmoja, aonane na daktari, arudi Septemba, amalizie miaka miwili tu. Mtu anaweza kuvumilia miaka miwili. Nilifungua mdomo.

Trell alitazama pikapu, kile kiti kitupu cha abiria, akauliza kwa sauti ileile, na usoni hakuna hata chembe ya utani:

"Mama hakuja?"

Nilimtazama nikisubiri acheke. Hakucheka. Alikuwa anasubiri jibu kama mtoto mwenye adabu.

"Yuko kazini," nikasema. "Zamu ya Jumamosi."

"Ah. Sawa."

Maneno niliyokuwa nimeyapanga sikuyaona tena.

"Nenda kachukue nguo zako," nikamwambia.

Siku hizi anasoma chuo kidogo cha wilaya, somo moja kwa muhula, na mistari ikianza kuhama Verlene humsomea kwa sauti. Sijui kama atamaliza. Ziko siku namwona amekaa gizani mchana, nauwaza ufadhili ule, na hasira inanipanda kifuani kama kiungulia. Simwambii. Nadhani anajua.

Siku ile alilala hata kabla hatujatoka mjini, kichwa kimeegemea kioo. Barabara ile ina reli inayoikata katikati ya mashamba ya pamba, reli mbovu, imeinuka kama mfupa. Mimi huivuka kwa kasi, kila mtu huivuka kwa kasi. Nilisimama kabla ya kuifikia. Nikavua shati la kazi nililokuwa nimevaa juu ya fulana, nikalikunja, nikaliingiza kati ya kichwa chake na kioo. Hakuamka. Lori lililokuwa nyuma yangu likapiga honi, kisha likapiga tena bila kuachia, na dereva akatoa kichwa nje akanitukania mama yangu.

Nikamwacha anitukane. Nikavuka gurudumu moja moja.