Tarumbeta Juu ya Besi

Mpiga tarumbeta alianguka kwenye ngazi za ukumbi akiwa amebeba spika, meno ya mbele yakang'oka. Akawekewa ya bandia, lakini kila akipuliza, pumzi ilipenya pembeni, sauti ikatoka kama birika linalochemka. Bendi ilimngoja, ikachoka, ikaajiri mwingine. Akabaki nyumbani, kazi yake kuosha vyombo na kununa.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipiga gitaa la besi. Chumba chake cha kulala ndicho kilichokuwa studio: kompyuta, kinanda cha umeme, magodoro yamesimamishwa ukutani ili majirani wasilalamike. Alikuwa anarekodi albamu ya jazi iliyochanganywa na fanki na milio ya kompyuta, ila aliona bado imepwaya. Basi akachukua rekodi za zamani za mazoezi ya mpiga tarumbeta, akazikatakata, akazipachika juu ya besi. Ruhusa hakuomba.

Alipomwita asikilize, mpiga tarumbeta alivua vipokea sauti vya masikioni kabla wimbo haujaisha.

"Umenichinja, shemeji. Umenikata kama nyama ya buchani!"

"Nisamehe. Nilijua nikikuomba utakataa."

"Ningekataa, ndiyo!"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. "Ukatae una nini? Mfa maji haachi kutapatapa, lakini wewe mume wangu hata kutapatapa umeacha."

Mumewe alitoka nje. Alishinda kibarazani, chakula hakugusa. Kesho yake akarudi mwenyewe chumbani kwa shemeji.

"Ule wimbo wa kwanza hukuniachia nafasi ya kuvuta pumzi. Utadhani sina mapafu."

"Basi kaa hapa tuutengeneze."

Akakaa. Taratibu akajifunza kinanda, vidole vizito kama vya mtu anayekanda unga. Waligombana karibu kila wimbo, wakamaliza albamu.

Ilipotoka, wenzake wa bendi walisema hiyo si jazi. Watu wa disko wakasema haichezeki. Hata hivyo kituo kimoja cha redio kiliipenda, wakaalikwa tamashani. Jukwaani alipiga kinanda huku tarumbeta lake la zamani likilia kwenye spika. Lilimchoma moyo, na watu walipoinuka kucheza, akaliongeza sauti.

Sasa wanarekodi albamu ya pili. Yeye anataka mpiga ngoma wa kweli, si wa kompyuta. Shemeji anasema ngoma zikiingia chumbani, kitanda kitoke. Bado hawajaelewana.