Chaki Kwenye Miimo

Fundi hakuingia kwenye kikundi kwa mapenzi ya nchi. Tusidanganyane. Aliingia kwa sababu nyumba yake ilikuwa kimya tangu mumewe azikwe, na cherehani, hata uikanyage kutwa nzima, haijui kukuuliza umelalaje.

Aliyemtoa ndani alikuwa Sista, muuguzi mstaafu, mama mrefu mwenye sauti ya wodini, ile inayomfanya mtu mzima na ndevu zake ameze dawa chungu bila ubishi. Alifika dukani kushonesha vizibao vya kikundi chake cha kuhimiza watu wapige kura. Si kura ya huyu wala ya yule, kura tu. Tatizo likawa rangi. Kijani kina wenyewe, nyekundu ina wenyewe, bluu ina wenyewe, na njano ndiyo usiseme. Wakapekua majora yote mpaka wakaangukia kitambaa cha rangi ya gunia ambacho Fundi alishakata tamaa ya kukiuza.

"Hii hakuna chama kitakachoigombania," Fundi akasema.

"Basi ndiyo yetu," akajibu Sista. "Na ushone kimoja cha kwako humo humo. Utajifungia humu mpaka lini, mdogo wangu?"

Kikundi kilikuwa na masharti. Humwambii mtu amchague nani. Huingii ndani kwa mtu, unazungumzia kizingitini. Mnakwenda wawili wawili. Na sharti ambalo Sista alilipenda kuliko yote: hakuna kubisha hodi kwenye mtaa wako mwenyewe. Jirani anakujua mno, alisema. Ukimuuliza kama atapiga kura, yeye anasikia unamuuliza atampigia nani. Mgeni ndiye anayeaminika. Lilikuwa sharti la busara kabisa, na mimi ningekuwepo siku hiyo ningelipigia makofi kama wengine.

Fundi akapangwa na fundi wa saa, mzee mcheshi aliyeitwa Dakika kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kufika mahali kwa wakati. Wakapewa mtaa ulio nyuma ya soko la mbao. Ndio mtaa aliokaa Sista, kwa hiyo yeye hakuruhusiwa kuugusa.

Ulikuwa mtaa mzuri kwa macho. Lakini katikati ya nyumba na nyumba palikuwa na viwanja vyenye sakafu tupu, saruji iliyopasuka ikaota nyasi, na pengine bomba la maji limesimama peke yake bila ukuta wa kulishika. Hakuna aliyejenga juu ya sakafu hizo, wala hakuna mtoto aliyechezea hapo. Na watu wa mtaa ule walikuwa na jambo moja lililomsumbua Fundi. Ukibisha hodi, unasubiri. Pazia linatikisika. Halafu inatoka sauti, na haiulizi "Nani?" kama watu wengine.

"Mko wangapi?"

"Tuko wawili tu, mama," Dakika alikuwa akijibu, "na mmoja wetu ni mzee, kwa hiyo tuhesabu mmoja na nusu."

Hapo mlango unafunguliwa kidogo.

Siku ile ya kwanza walijikuta wamebisha mara mbili kwenye nyumba moja, maana nyumba hazikuwa na namba na nyingine zilikuwa na milango huku na huku. Mwenye nyumba akawatukana matusi ambayo Dakika aliyasifu njia nzima. Ndipo Fundi akakumbuka chaki mfukoni mwake, ile ya nta ambayo mafundi huchorea nguo. Kila nyumba iliyosema "tutakwenda", alichora msalaba mdogo chini ya mwimo wa mlango, kama anavyochora mahali kifungo kitakapokaa. Dakika alikuwa ameshatangulia mlango wa mbele akimwaga salamu, hakuona. Fundi naye hakumwambia. Kwake lilikuwa jambo dogo, alama ya kazi, kesho linafutwa.

Nyumba ya mwisho siku hiyo ilikuwa ya mpishi wa shule, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyorukiwa na mafuta ya moto miaka mingi. Nyuma yake alisimama binti yake, ndiyo kwanza ametimiza umri, kadi ya kura ameishika kama cheti cha kufaulu.

"Mimi na mama tumejiandikisha wote," binti akasema. "Lakini mama anasema hatuendi."

"Nilikwenda kuandikishwa ili usikae kwenye foleni peke yako," mpishi akasema. "Sikusema nitapiga."

Dakika alikuwa amekwishiwa na maneno jioni ile, jambo la nadra. Fundi akafanya alivyofundishwa: akauliza, akanyamaza. Kimya kikawa kirefu mpaka kikamtia aibu, akajikuta anasema lisilofundishwa. "Mimi mume wangu amefariki mwaka huu, dada. Nilikuwa sitoki. Nimeanza kutoka wiki hii."

Mpishi akamwangalia vizuri. "Wewe hukuwa mji huu mwaka ule."

"Mwaka upi?"

"Basi." Akamgeukia binti, akamrekebisha ukosi wa blauzi ambao haukuwa na kasoro yoyote. "Haya. Tutakwenda. Kwa ajili ya huyu."

Binti akaruka na kumkumbatia mama yake kwa nyuma. Fundi akainama kama anayefunga kiatu, akachora msalaba wake. Alirudi nyumbani na furaha ambayo hakuionja tangu msiba, akakaa kwenye cherehani akiimba, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

Kesho yake mchana walirudi kumalizia milango iliyobaki. Mtaa ulikuwa umejaa watu, na hapakuwa na sauti. Mkokoteni ulisimama umebebeshwa magodoro. Baba mmoja alikuwa akimfunga mtoto viatu. Mwanamke alipiga magoti mlangoni kwake akisugua mwimo kwa chuma cha kusugulia masufuria. Chaki ya nta haina habari na maji. Ukiisugua inatandaa, inaingia kwenye mbao, na inazidi kuonekana. Misalaba ilikuwa imenenepa usiku kucha kwa kusuguliwa.

Sista alikaa kwenye ngazi ya nyumba yake, kizibao mapajani, uso umekauka.

"Nani ameweka hizi?" aliwauliza, na ile sauti ya wodini haikuwepo.

Fundi, Mungu amsamehe, alicheka. "Ah! Ni mimi hiyo. Ni chaki yangu, ya kuonyesha tumeshapita..."

Kicheko kikamfia mdomoni. Mtaa mzima ulikuwa umemgeukia. Hakuna aliyemfokea. Angefokewa angejua la kujibu.

"Mwaka ule," Sista akasema polepole, "wiki kabla ya kura, tuliamka tukakuta misalaba milangoni. Tukadhani ni watu wa maji, wa umeme, sijui. Usiku wakaja kwenye nyumba zenye alama tu. Unaona zile sakafu?"

Dakika akavua kofia. "Sisi wa ng'ambo ya soko tuliona moto," akasema. "Tukaambiwa ni soko la mbao linaungua. Tukaona afadhali tuamini hivyo."

"Ungetuambia, dada!" Fundi akalia.

"Ningeanzaje?" Sista akamwuliza. "Hata sisi wenyewe hatuambiani. Na jana nilikuwa mtaa wa tatu huko, nabisha hodi milango ya watu nisiowajua. Sharti langu mwenyewe."

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ila hawakuacha neno la kumfariji yule aliyeutupa ung'ongo njiani. Fundi alitembea hadi nyumba ya mpishi.

Akabisha. Hakuulizwa wako wangapi. Mpishi alifungua mwenyewe, nyuma yake mabunda yamefungwa kwa kamba, na binti amekaa juu ya bunda moja akilia.

"Ni wewe," mpishi akasema.

"Ni mimi, dada. Ni chaki ya kushonea tu. Nisamehe."

"Mwaka ule walibisha hodi, unajua? Kwa adabu, kama ninyi. Na mume wangu alikuwa mtu wa watu. Akasema karibuni." Alisema bila hasira, na hilo lilimuumiza Fundi kuliko kofi. "Nakuamini. Wewe umekosea, hukutaka kuua. Lakini na wao watapita hapa, wataiona chaki yako. Wao nani atawaambia kwamba ni ya kushonea?"

Fundi aliinama akaikwangua nta kwa ukucha, haikutoka.

Alikimbia dukani akarudi na pasi ya mkaa na karatasi za kaki. Ndivyo mafundi wanavyotoa nta kwenye kitambaa: unaweka karatasi, unapitisha pasi, karatasi inanyonya. Akaanza mlango wa kwanza, magoti chini, akipiga pasi mwimo wa mlango wa mtu barabarani mchana kweupe, na Dakika nyuma yake akipepea makaa. Siku nyingine watu wangekufa kwa kicheko. Walisimama wakitazama tu. Nta ilitoka. Lakini mbao zilikuwa kavu, na pasi ya mkaa haina kipimo. Kila palipokuwa na msalaba pakabaki doa la kahawia, la kuungua, na harufu ya mbao za moto ikasambaa mtaani. Bibi mmoja aliingia ndani akafunga madirisha yote. Fundi alijua amefanya nini, na hakuweza kuacha katikati.

Wengine waliondoka jioni ile. Mpishi hakuondoka. Hakuwa na ndugu mwenye nafasi ya watu wawili, na dada yake wa tumbo moja alimwambia kwenye simu kwamba na huko hakufai. Akafungua mabunda, akafunga mlango, akamwambia binti kura imekwisha habari yake.

Siku zilizobaki Fundi hakulala vizuri. Hakuogopa majini wala wafu. Aliogopa kusikia mtu akibisha hodi kwa adabu. Mteja akija dukani na kusema "hodi hapa", sindano ilimchoma. Alimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba usiku usiwe na moto nyuma ya soko la mbao, na kila alfajiri alitoka nje kutazama upande ule kabla hajanawa uso.

Moto haukuwaka. Siku ya kura ikafika ikiwa na jua la kawaida na wauza karanga. Kikundi kilisimama mbali na lango la shule, kama sheria inavyotaka, kikielekeza wazee na kubeba watoto wa watu. Kutoka mtaa ule walikuja wachache, kila mmoja peke yake, wakipita ukutani. Fundi aliwatazama wote usoni. Alipokaribia kukata tamaa, akamwona binti wa mpishi anakuja mbio, kandambili mkononi.

"Mama kalala," alisema akihema. "Nimetokea dirishani. Usinirudishe, mama, tafadhali."

Fundi hakumrudisha. Wala hakumsukuma mbele, nataka hilo lijulikane. Alisimama tu, akamwona akiingia kwenye foleni.

Binti alitoka akicheka peke yake, amenyanyua kidole kilichochovywa wino wa zambarau ili kila mtu akione. Alimwonyesha Dakika, akamwonyesha polisi, akamwonyesha muuza karanga. Kisha akakitazama mwenyewe, na kicheko kikapungua taratibu mpaka kikaisha.

"Hii inatoka na nini?" aliuliza.

"Haitoki leo, mwanangu. Inakaa."

"Inakaa?"

Wakaenda bombani. Sabuni, mchanga, ndimu aliyoitoa mama mmoja kwenye kikapu. Ngozi ikawa nyekundu, wino ukabaki. Fundi alikuwa ameushika mkono ule mdogo akiusugua kwa nguvu, na ghafla akageuka kutazama nyuma kama kuna mtu anayewaangalia. Hapo akaelewa ni nini kile ambacho watu wa mtaa ule wanaishi nacho, maana sasa alikuwa nacho na yeye.

Walirudi pamoja. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kichwa mkononi. Binti hakuficha, alinyoosha kidole. Fundi alitegemea kofi. Mpishi alikishika kile kidole, akakigeuza kwenye mwanga.

"Nani amekuona?"

"Watu wote, mama. Ilikuwa foleni."

Mpishi alikiachia. Kisha akaingia ndani. Godoro likasikika likinyanyuliwa. Akatoka amejifunga kitambaa kichwani, kadi mkononi.

"Foleni bado ndefu?" akamwuliza Fundi.

"Imepungua, dada. Lakini si lazima. Naapa si lazima."

"Sikuulizi kama ni lazima."

Wakaenda watatu. Fundi alibaki langoni na binti. Kwa mbali walimwona mpishi akifika mezani, karani akimwonyesha achovye ncha ya kidole tu, na yeye akikizamisha mpaka kiungo cha pili. Wakarudi mtaani. Jua lilikuwa bado juu, watu wa mtaa wamefunga milango yao.

Kizingitini mpishi alichukua mkono wa binti yake, akaweka kidole chake kando ya cha binti, vyote viwili vya zambarau, akavilinganisha.

"Sasa wakija," alisema, "watatukuta wawili."

Hakumlaumu Fundi, wala hakumkaribisha. Mlango ulifungwa. Fundi alisimama nje akasikia komeo likiingia, halafu kitu kizito kikiburutwa sakafuni, akatambua kwamba ni kitanda kinasogezwa mlangoni, na kwamba wanakisukuma wote wawili.