Mlango wa Ghala la Mbata

Moto wa pili uliwashwa mahali pale pale, nyuma ya ghala la mbata la kijiji cha ujamaa, Baleni. Wanawake waliokuwa wakirudi na mihogo waliuzima kwa mchanga kabla haujayashika makuti. Ndani mlikuwa na nazi kavu za msimu mzima, jasho la kaya arubaini.

"Twende polisi Kilindoni!" alifoka Mfaume, katibu wa kijiji. "Wakamatwe hata kumi, mmoja atasema!"

Mzee Shamte, mwenyekiti, aliinama, akafukua mchanga, akatoa utambi ulioungua nusu. Ulikuwa wa pamba iliyosokotwa, ukinuka mafuta ya papa. Pamba ya namna hiyo huzibia nyufa za vyombo vya baharini, na Baleni, kijiji cha wakulima, fundi wa vyombo alikuwa mmoja tu: Matano, mtu wa kisiwa cha Jibondo aliyeoa hapo mwaka uliopita.

"Polisi wangoje," alisema Shamte. "Huyu namwendea mwenyewe."

Alimkuta Matano uani kwake akinoa tezo, shoka la kuchongea mbao. Matano hakumpa shikamoo. Shamte akamtupia utambi miguuni.

"Umesahau kitu chako."

Matano aliutazama, akaendelea kunoa. "Mlango wa ghala lenu ni wa mbao gani, Mzee?"

Shamte alikumbuka. Zile mbao alizikuta zimelazwa chini ya mkorosho, akaamuru zichukuliwe, akisema sasa kila kitu ni cha kijiji. Hakumuuliza mtu.

"Ni za mashua yangu. Nimezipasua kwa mkono miezi minne. Nanyi mkazipigilia misumari kama banda la kuku!"

"Kosa ni langu," alisema Shamte. "Si la kaya arubaini. Hata mbata za mkeo zimo mle. Inuka, twende."

Ghalani, mbele ya watu wote, mwenyekiti alishika nyundo akaung'oa mlango, ubao mmoja mmoja, akazipanga mbao mbele ya Matano.

"Mzee! Na mbata je?" Mfaume alishika kichwa.

"Zitakaa wazi. Na moto wa tatu ukiwaka, Matano, nitakufikisha Kilindoni mimi mwenyewe, nimekushika sikio."

Matano aliutazama mwanya ule mtupu. Kisha akazikagua mbao zake, akatenga nne zilizopasuliwa na misumari.

"Hizi hazifai tena kwa mashua. Katibu, lete kamba nipime mlango mpya. Ule mlango wenu hata mbuzi angeucheka."

Akamgeukia mwenyekiti. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," alijibu Shamte, akampa nyundo.