Kidole Gumba Chini ya Stempu

Mimi Efrazia sijui kunong'ona, na asiyependa sauti yangu azibe masikio. Mwaka ule mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, wazee wa hapa kijijini Daudi bado wakijiita watu wa Arusha, ndipo binti yangu Judica alipochumbiwa na Vitalis, mwalimu wa shule ya msingi kule Gehandu, upande wa Hanang. Kijana mpole, msafi, akipita uani anasalimia hadi kuku. Mjane mwenye binti mmoja akipata mkwe wa namna ile anataka nini tena? Nilimtangaza mashineni, nikamtangaza mnadani, nikamtangaza hata kwa watu ambao hawakuniuliza.

Ndoa ilikuwa ifungwe Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Tangazo la kwanza lilisomwa kanisani, la pili likasomwa. Jumapili ya tangazo la tatu nilivaa kitenge kipya, nikakaa benchi la mbele kabisa. Baba Paroko akasoma ratiba ya jumuiya, akasoma habari za mavuno, akasoma hadi mbuzi aliyepotea wa mtu wa Tumati. Kisha akakunja karatasi yake.

"Tangazo la ndoa ya Judica na Vitalis limesimama kwa sasa," akasema. "Wahusika waje ofisini."

Jamani! Shingo za kanisa zima zilinigeukia. Wimbo wa kutokea nje sikuuimba.

Ofisini Baba Paroko alituwekea mezani kifurushi cha karatasi ya kaki. Kilikuwa kimekuja kwa sanduku la posta la parokia, lile ambalo kijiji kizima tunapokelea barua. Ndani mlikuwa na kisweta cha mtoto, cha mtumba, rangi ya njano, na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooshwa kwa rula: VITALIS ANA MTOTO GEHANDU. AULIZWE MBELE YA MAMA MKWE. Jina la mtumaji hakuna.

"Uongo!" nikasema.

"Inawezekana ni uongo," Baba Paroko akajibu taratibu. "Nimeshatuma mtu kwa Vitalis. Jumamosi atakuja, tutakaa wote tuulizane. Jambo likisafishika, tangazo la tatu nitalisoma Jumapili. Lisiposafishika, ndoa hii siifungi."

Lisiposafishika! Maana yake ni mpaka baada ya Pasaka, kwani Kwaresima ndoa hazifungwi, na kwa midomo ya watu wa huku, ndoa iliyosubiri mpaka Pasaka imeshakufa. Nilimwangalia mwanangu nikaona anatazama miguu yake.

"Mama," akasema tulipofika nyumbani, "tumsubiri tu Vitalis. Kuna kitu..."

"Tumsubiri? Mtu anakupaka matope nawe unakaa kusubiri? Nenda ukakamue ng'ombe."

Akaenda. Mimi nilikuwa nimeomba nipewe kile kifurushi, na Baba Paroko alinipa chote, nadhani ili niondoke ofisini kwake. Nilikigeuza huku na huku. Muhuri wa posta ulisomeka vizuri: Katesh. Nikapiga paja. Tadei!

Tadei ni jirani yangu, mchuuzi wa ng'ombe. Tangu serikali ilipofungua biashara, kila mnada wa Hanang hakosi, na Katesh anapita kila wiki. Tena kijana wake aliwahi kumtaka Judica, Judica akakataa. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Kesho yake nikamkuta mashineni amebeba gunia la mahindi, nikamsomea mashtaka mbele ya watu.

"Wewe Tadei! Mzee mzima unanunua stempu kwenda kuharibu ndoa ya mtoto wa mwenzio! Huoni aibu?"

"Stempu gani, mama? Mimi hata barua sijui inapobandikwa stempu."

"Thubutu! Unajua. Kijana wako ameachwa, sasa unataka tuachwe wote."

Aliweka gunia chini, akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma zaidi. "Efrazia," akasema, "una mdogo wako askari. Mpelekee yeye, halafu uje unitukane vizuri."

Haya. Nikaenda.

Mdogo wangu Sebastiani ni askari wa upelelezi pale Mbulu mjini. Alikuwa ametoka kozi, na tangu arudi akawa mtu wa kuokota nywele kwenye makoti ya watu na kuuliza ni za nani. Nilimkuta kwake, siku yake ya mapumziko. Alipokiona kile kifurushi macho yalimng'aa. Akafuta meza, akatandaza karatasi safi, akamwambia mkewe achemshe maji kwenye birika.

"Chai baadaye," nikamwambia. "Nina haraka."

"Si ya chai, dada. Kwanza nani wamekishika hiki?"

"Baba Paroko, mimi, Judica, katekista, na yule anayeleta barua."

Akashika kichwa. "Basi huku nje hakuna kitu tena, ni vidole vya parokia nzima. Lakini chini ya stempu hamjafika. Mtu akibandika stempu, anailowesha, anaikandamiza. Chochote alichokuwa nacho mkononi kinafunikwa pale, kinakaa."

"Anailowesha kwa mate?"

"Wengi kwa mate. Siku hizi huko Ulaya wanapima hata mate, wanamjua mtu."

"Mate! Basi Tadei amekwisha."

"Huko Ulaya, dada. Hapa tuna birika."

Akashikilia ile kaki juu ya mvuke, akingoja bila papara, huku mimi nikihema nyuma ya shingo yake. Stempu ikaanza kujikunja pembeni. Akaivuta kwa kibano cha nyusi cha mkewe, akaigeuza juu ya karatasi nyeupe, akachukua lenzi. Kisha akacheka kidogo, akanipisha nitazame.

Palikuwa na alama ya kidole gumba, nzuri ajabu, mistari yote inaonekana, na ilikuwa ya pinki. Katikati mstari mmoja mnyoofu ulikuwa umeikatiza, mweupe.

"Hilo ni kovu," Sebastiani akasema. "Na hii pinki ni unga wa chaki. Mtu huyu alitoka kushika chaki ya rangi, hakunawa, akabandika stempu. Sasa niambie, Tadei anafundisha ng'ombe kwa chaki?"

Aibu ilinishika, nikajifanya naangalia birika. Nilimwomba Tadei radhi, lakini hiyo ni baadaye, na aliniweka mlangoni makusudi mpaka jirani wote wakasikia.

Sebastiani akaendelea. Akaikunjua ile kaki, akakwangua mikunjo kwa wembe, vumbi la kijivu likadondoka kwenye kisahani. "Hili silielewi. Si udongo wa kwetu huku, wa kwetu ni mwekundu. Nitalipeleka..."

Mimi nikachovya kidole, nikaonja.

"Dada! Umekula ushahidi!"

"Ni chumvi," nikasema. "Ile ya ziwani kule chini, wanayokwangua kulishia mifugo. Watu wa Gehandu wanayo kila nyumba. Marehemu mume wangu alikuwa akiiletea ng'ombe wetu."

Tukatazamana. Chaki na chumvi ya ziwani. Hapo mimi nikaona yote, wazi kabisa: mwalimu mwenzake Vitalis! Yuko mtu pale pale shuleni anakula naye, anacheka naye, na moyoni anamwonea wivu kwa kumpata Judica. Nilimhurumia mkwe wangu mpaka machozi yakanilenga. Anaishi na nyoka, na hajui.

"Kesho tunakwenda Gehandu," nikasema.

"Dada, mimi hii si kesi, hakuna aliyefungua jalada."

"Nimekufungulia mimi. Vaa kiraia."

Tulipanda basi la Katesh, tukamalizia kwa pikapu ya wauza vitunguu, na mchana tukawa Gehandu, mlima Hanang umevaa wingu lake. Vitalis alikuwa ndiyo kwanza ametoka darasani. Aliponiona alisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

"Shikamoo mama. Shikamoo mjomba. Nilidhani ni Jumamosi..."

"Marahaba mwanangu. Jumamosi mbali. Tuingie ndani, nina maneno."

Tukaingia. Nikaanza hapo hapo, kabla sijakaa sawasawa. "Hapa shuleni kwenu kuna mtu anakuchukia. Usibishe, tuna ushahidi. Niambie ni nani, mimi nitamaliza naye leo hii hii."

"Mama, naomba niseme..."

"Ngoja nimalize. Ametuma kifurushi kwa Padri. Ana chaki ya pinki na ana kovu kwenye kidole gumba. Wewe unakaa na watu hawa kila siku, taja tu jina."

Vitalis akainuka. Akaenda kuleta maji ya kunawa, maana kulikuwa na ugali na maziwa kwa wageni. Akainama mbele yangu na jagi, beseni chini, akanimiminia. Nikanawa huku naendelea kusema kwamba wivu ni ugonjwa. Macho yangu yakaanguka kwenye mkono ulioshika jagi. Kidole gumba kilikuwa kimeelekea kwangu, na kovu limekikatiza katikati, jeupe, nyoofu. Kwenye kucha palikuwa na vumbi la pinki.

Maji yaliendelea kumiminika mpaka beseni likajaa.

Sebastiani naye alikuwa ameona. Kazi yao imewafundisha kunyamaza, mimi hakuna aliyenifundisha.

"Wewe?" nikasema. "Umejishitaki mwenyewe?"

Vitalis akaweka jagi chini, akapiga magoti pale pale kwenye maji. "Ni mimi, mama. Mtoto yupo. Anaitwa Erica, ana miaka minne. Mama yake alifariki akimzaa, kabla hatujafunga ndoa, na mama yangu ndiye anayemlea hapo nyumba ya pili. Kisweta nilichotuma ni chake, kimembana."

"Na miaka yote hii umenificha!"

"Nilikuja Daudi mara tatu kukuambia. Mara ya kwanza ulinionyesha mahari mliyoipunguza kwa sababu mimi ni kijana msafi. Mara ya pili uliniambia yule binti wa jirani aliyeolewa na mwanamume mwenye mtoto ni mjinga. Mara ya tatu nilianza, nikasema, mama, kuna kitu, ukaniambia kula kwanza. Mama, mimi darasani nina watoto tisini na siogopi. Wewe nakuogopa. Nikaona Padri akisoma ile karatasi atatuita, ataniuliza yeye, na wewe ukiwa mbele ya Padri utaniacha nimalize sentensi. Sikujua atalisimamisha tangazo mbele ya kanisa zima. Nisamehe."

"Judica atakufa akisikia!"

"Judica anajua," akasema, sauti imeshuka. "Tangu mwaka jana. Ameshamwona mtoto. Alisema atamlea. Alitaka kukuambia yeye, nikamwambia aniachie, ni jukumu langu."

Loo! Hapo ndipo niliposhikwa. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, chumba kimoja, moto mmoja, amebeba jambo mwaka mzima, na Jumapili alipofungua mdomo nilimtuma kukamua. Nilikuwa nimeita askari, nimechemsha birika, nimemtukana mzee wa watu, nimevuka wilaya kumtafuta adui. Hakukuwa na adui popote. Kulikuwa na watu wawili wanaopendana na wanaoniogopa.

Lakini hasira haizimiki kama taa. Nilisimama. "Sebastiani, tunaondoka. Hili nitalijibu Jumamosi mbele ya Padri, kama alivyotaka." Na ukweli ni kwamba nilikuwa sijui nitajibu nini. Neno langu moja pale parokiani lingetosha, tangazo lisisomwe, na kijana yule arudi Gehandu na jagi lake.

Nikafika mlangoni. Uani alikuwa anaingia mama mmoja mzee na jembe begani, na mbele yake mtoto wa kike, vumbi mpaka magotini. Yule mzee akatuona, akaelewa, akasimama mbali. Mtoto hakuelewa kitu. Aliona mgeni, akaja mbio, akajiweka mbele yangu, akainamisha kichwa chake kidogo kilichonyolewa.

"Shikamoo bibi."

Nikageuka nyuma kuangalia bibi gani anasalimiwa. Nyuma yangu alikuwa Vitalis, ameshika fremu ya mlango, hapumui.

Mtoto hakuondoka. Huku kwetu mtoto akiinamisha kichwa haondoki mpaka uweke mkono, na huyu alikuwa amefundishwa vizuri. Aliona sijajibu, akadhani bibi huyu hasikii, akavuta pumzi akapaza sauti mpaka mbwa wa jirani akabweka.

"Shikamoo bibi!"

Sebastiani aliangua kicheko, akajizuia. Mimi nilitazama kile kichwa. Miaka yote nimekuwa mtu wa kusema, na siku ile maneno yote yaliniacha, likabaki moja tu.

"Marahaba," nikasema, na mkono wangu ukiwa juu ya kichwa chake likafuata jingine bila kuniuliza, "mjukuu wangu."

Nyuma yangu nilimsikia mwalimu wa watoto tisini akilia.