Njia ya Kisimani

Kwa miaka kumi na tisa, kila kiangazi, mchapaji wa picha alikwenda shamba kwa dada yake, akaketi barazani na daftari, akavuta hewa safi na kunywa maji ya baridi. Akirudi mjini alichonga ubao, akaupaka wino, akaukandamiza kwenye karatasi: mistari mitatu, duara moja, basi. Wajuzi wa sanaa wakampachika jina: Sauti ya Mashamba. Tuseme kweli, hakulikataa.

Ila dada mtu hakuwahi kusema lolote juu ya kazi hizo, si zuri si baya, na kimya hicho kilimuuma. Ndiyo maana safari hii alimtumia nauli aje kwenye maonyesho.

Dada alifika na kikapu chake, akazipita picha kama mtu anayechagua nyanya. Mwenye ukumbi alikuwa akiwaeleza wageni upweke wa duara.

"Upweke gani?" dada aliuliza. "Hilo ni zizi, lina ng'ombe saba. Na liko kushoto, mbona mmelihamisha?"

Picha hutoka kinyume cha ubao, na mchapaji hakuwahi kujisumbua kuchonga kinyume. Wajuzi walikwisha kuandika kurasa nzima juu ya uasi wake huo.

Ubao wa picha hiyo ulikuwa mezani, patasi kando. Nakala za mwisho zikishachapwa, ubao hukwaruzwa ili asije mtu akachapa nyingine, na leo ungekwaruzwa mbele ya wageni. Dada aliuinamia kwa muda mrefu.

"Huu ndio kwangu," alisema, na moyo wa mchapaji ukaruka kwa furaha. "Ila njia ya kisimani iko wapi?"

"Njia gani, dada?"

"Utaijulia wapi, mdogo wangu? Hujabeba ndoo hata siku moja. Maji unayakuta barazani."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akamwomba amwonyeshe. Dada akapitisha kidole kutoka mlangoni hadi bondeni, akakisimamisha katikati: "Hapa huwa napumzika." Mchapaji akakifuata kidole kile kwa patasi, mpaka mkwaruzo ukakata ubao mzima.

Mwenye ukumbi akapiga makofi, maana ubao ulikuwa umeharibika sawasawa.

Dada akautia kikapuni. "Sasa umefanana," alisema. "Kiangazi kijacho acha daftari, uje na mabega."