Umri wa Primus

Shati lilikuwa la flana, jekundu kama damu mbichi, na mke wa Kapteni Tolliver ndiye aliyelishona kwa mkono wake. Mingo alilipokea kwa mikono miwili pale penye kinu cha kuchambulia pamba, akashukuru, maana hakujua aseme nini kingine mbele ya wanaume watano wenye bastola viunoni.

"Siku ya uchaguzi nataka nikuone nalo," Kapteni alisema. "Ukipiga kura na sisi, nyumba unakaa, shamba unalima, nyumbu anabaki kwako. Ukikataa, wewe na mkeo mtalala mwituni. Nimesema lugha ngumu?"

"Hapana, bwana."

"Basi cheka kidogo. Mbona kama uko msibani?"

Mingo akacheka.

Ulikuwa mwaka wa 1876, huko Carolina Kusini, miaka kumi na moja tu tangu watu waachwe huru. Katika jimbo lile Weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu, na kura zao ndizo zilizokiweka chama cha Republican madarakani. Safari hii Wazungu wa chama cha Democrat walikuwa wameapa kwamba watamchagua wao rais na gavana pia, iwe kwa karatasi au kwa risasi. Walivaa mashati mekundu, wakapanda farasi mamia kwa mamia, wakavamia kila mkutano. Mwezi Septemba walimtoa mhubiri wa kina Mingo kitandani. Alipopatikana, alikuwa kifudifudi kwenye kijito, hana masikio.

Mingo alilificha shati chini ya magunia ya mahindi. Hagar, mkewe, alilipata siku hiyo hiyo. Alilileta mezani kwa ncha ya kijiti, kama mtu aliyeokota nyoka.

"La nani hili?"

"La Kapteni."

"Kapteni siku hizi anahifadhi nguo zake chini ya mahindi yangu?"

Primus, mdogo wake Hagar, alikuwa anakula mkate wa mahindi. Nusura apaliwe kwa kicheko. "Shemeji, rangi hiyo haikukubali hata kidogo! Utafanana na jogoo aliyechinjwa akaponyoka."

"Nyamaza, wewe," Mingo akasema. Kisha akamgeukia mkewe. "Mke wangu, nisikilize. Nyumba itakwenda."

"Na iende. Nimezaliwa kwenye nyumba ya mtu, nikakulia kwenye nyumba ya mtu. Nyumba za watu zimenichosha. Lakini ukilivaa hili, Mingo, usinitafute tena."

Primus aliacha kucheka. Yeye ndiyo kwanza angepiga kura ya rais, na tangu kiangazi hakuwa na mazungumzo mengine. Mama yao alikufa akimzaa, zama za utumwa, kwenye baridi ile iliyogandisha kijito hadi watu wakavuka kwa miguu. Hagar, msichana mdogo, alimbeba mgongoni huku akichuma pamba, na Mingo, aliyekuwa kijana wa shamba lile lile, aliiba maziwa ya ng'ombe wa bwana ili amnyweshe, akachapwa kwa ajili hiyo. Kisa hicho Mingo alipenda kukisimulia. "Mwaka huu ametimiza ishirini na miwili," alikuwa akiwaambia watu kanisani, kwa fahari ya baba. "Nami ndiye ninayejua, maana maziwa yale yaliniachia makovu."

Siku ya kura, sanduku liliwekwa kwenye dirisha la duka la Sistrunk, pale njia panda. Mashati Mekundu walikaa kwenye ngazi, bunduki mapajani, hadi mpiga kura alilazimika kupita katikati ya magoti yao. Ng'ambo ya barabara walisimama wanawake Weusi wenye marungu, waliokuja kuhakikisha kwamba waume zao hawageuki. Hagar alikuwa mbele.

Mingo alitokea nyuma ya duka, amevaa lile shati.

"Haloo! Mingo kaolewa!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Kapteni kamtolea mahari ya nguo!"

"Mgeuze tumwone na nyuma, bibi harusi!"

Wakacheka wote, isipokuwa Hagar. Yeye alimtazama tu, kisha akageuza uso. Mingo aliinua juu karatasi ya kura iliyochapwa na Democrat, kama alivyoagizwa, akaitumbukiza. Kapteni akampigapiga begani.

"Kijana mwema. Simama hapa karibu yangu."

Haikupita muda, Weusi wanane wakaja kwa pamoja, Primus akiwa wa kwanza, amevaa koti la kanisani. Kapteni alinyoosha mguu akaziba njia.

"Huyu napinga. Huyu mtoto, hajafika miaka ishirini na mmoja."

Msimamizi wa kura, Mweusi mmoja aitwaye Bythewood, alikuwa anaelekezewa mtutu wa bunduki tangu asubuhi. Alijifuta jasho. "Kijana, yupo mtu anayeweza kula kiapo juu ya umri wako?"

Uso wa Primus ukang'aa. "Yupo, tena huyo hapo! Shemeji yangu. Kanilea huyo. Mwulizeni."

Watu wote wakamtazama Mingo. Kapteni hakutisha, wala hakunong'ona neno. Aliichukua Biblia dirishani akamshikia, kwa upole kabisa, kama mtu anayemshikia mwenzake sahani.

"Haya, Mingo. Kijana anakutegemea."

Mingo aliweka mkono. Akafikiria nyumba, akamfikiria mhubiri, akafikiria masikio yake mwenyewe.

"Hajafika," akasema. "Ana kumi na tisa."

"Shemeji?" Primus aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu ambaye hakusikia vizuri. "Shemeji, hebu sema tena."

"Umesikia," Kapteni akasema, akasimama. "Mtoto kaja kuiba kura. Watoto wezi dawa yao tunayo."

Walimburuta hadi nyuma ya kinu cha pamba, jirani na duka, wakamfunga, wakampiga kwa hatamu za nyumbu zenye vyuma. Wanawake walivuka barabara na marungu yao, lakini farasi waliingizwa katikati yao, na Hagar akaangushwa akavunjika mkono. Kapteni alimkabidhi Mingo farasi wake amshikie. Mingo akamshika. Kutoka nyuma ya kinu alisikia, "Shemeji! Waambie ukweli! Shemeji, waambie!" Baadaye akasikia mapigo peke yake. Wale wanaume saba waliobaki walikunja karatasi zao wakarudi nyumbani.

Primus alitolewa pale juu ya mlango uliong'olewa, jicho moja halipo. Hakuiona Jumapili.

Mingo alikwenda mazishini. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemsogelea. Popote aliposimama, watu walihama. Kaburi lilipofukiwa, Hagar, mkono ukiwa kwenye kitambaa, alimwita mbele ya watu wote.

"Fundi anataka kuchonga ubao. Anauliza marehemu alikuwa na miaka mingapi. Wewe ndiye unayejua."

Mingo alisema kwa sauti ya chini.

"Hatukusikia."

"Ishirini na miwili."

"Kumbe kuhesabu unajua," Hagar akasema, akampa kisogo. Aliondoka wiki ile na wanawake wengine wa kanisa kwenda pwani, kwenye mashamba ya mpunga. Mingo hakumwona tena.

Majira yote ya baridi wakubwa walibishana huko Washington nani kashinda. Mwishowe kura ya rais ya jimbo lile ilihesabiwa kwa mgombea wa Republican, na huyo huyo alipoapishwa akawaondoa askari wa serikali kuu waliokuwa wakiwalinda Weusi. Watu wa Kapteni wakachukua yaliyobaki yote, kuanzia kiti cha gavana.

Lakini kabla ya hapo, mwezi Januari, Kapteni alikuja nyumbani kwa Mingo, akiwa ameleta familia nyingine kwenye gari la farasi.

"Hamisha vitu vyako."

"Bwana, uliniahidi."

"Niliahidi, kweli." Kapteni alikuwa anatabasamu. "Ila nimekaa nikafikiri. Mtu aliyemuuza mtoto aliyemlea, mimi ataniuza kwa bei gani? Siwezi kulala usingizi na mtu kama wewe shambani kwangu."

Mingo alitembea kuelekea kusini na sufuria moja. Siku ya pili, koo limemkauka, alibisha kwenye kibanda cha Weusi kando ya barabara. Mwanamke mtu mzima alimchotea maji kwa kata.

"Kunywa, baba. Unatoka mbali?"

"Njia panda ya Sistrunk."

"Huko! Pole. Na jina lako nani?"

"Mingo."

Kata ilikuwa imeshafika mdomoni. Mwanamke aliitwaa taratibu kutoka mikononi mwake, akamwaga maji chini, kisha akaisugua kata kwa mchanga, nje na ndani, huku Mingo akitazama. Akaingia akafunga mlango.

Kwenye kibanda kilichofuata, alipoulizwa jina, alisema anaitwa Sam. Akapewa maji.