Ncha Mbili za Kitufe Chekundu

Mzee Nurdin hakupenda kuambiwa na kompyuta kwamba amekosea. Miaka thelathini alichora mifumo ya umeme kwa kalamu na rula, na alipotimiza hamsini na tisa akajiandikisha masomo ya jioni pale Temeke, akajifunza programu ya kuchorea katika darasa moja na vijana walio rika la wanawe. Cheti chake alikitia fremu, akakitundika juu ya meza yake kwenye karakana ya kutengeneza paneli za umeme. Mgeni akiketi bila kukitazama, mzee alikuwa na namna yake ya kukohoa.

Jumatano hiyo asubuhi Atuganile, mhandisi aliyeanza kazi karakanani mwezi uliopita, alimwamkia, akavuta kiti akaketi ubavuni mwake, si mbele yake. Hapo mzee akajua kuna jambo. Binti alikuwa amekagua michoro yote ya karakana, na kosa lilelile lilijitokeza katika michoro kumi na moja: alama ya kitufe cha dharura haikuwa na ncha za kuungia.

Katika programu ile, kila alama ya kifaa lazima ielezwe waya unaingilia wapi na unatokea wapi. Usipoeleza, jicho la mtu litaona kifaa kimeungwa, lakini kwa kompyuta ni pambo tu, kama ua lililochorwa ukutani.

Alama ile Mzee Nurdin aliichora mwenyewe miaka miwili nyuma. Iliyokuja na programu haikufanana na ile aliyofundishwa ujanani, basi akaunda yake kwa mistari na duara, ikapendeza, akaiweka kwenye maktaba ya alama ili wote waitumie. Siku hiyohiyo onyo la njano lilitokea. Akaingia kwenye mipangilio, akalizima. Tangu hapo kompyuta ilinyamaza, naye akahesabu kuwa ameshinda.

"Mwanangu, paneli kumi na moja zimetoka hapa na alama hiyo," alisema. "Umesikia hata moja imegoma?"

"Hazigomi, baba. Ndicho kinachonitisha."

Akamfungulia orodha ya waya, ile ambayo programu huitoa ili fundi aifuate. Kitufe kilikuwa kimerukwa. Waya ulitoka kwenye fyuzi ukaenda moja kwa moja kwenye vitufe vya kawaida vya kuwasha na kuzima, kisha kwenye kontakta inayowasha mota. Mashine ingewaka vizuri, na ingezimika vizuri kwa kitufe cha kawaida. Ila kile kikubwa chekundu mlangoni, ambacho mtu hukikimbilia mambo yakiharibika, hakikuandikiwa waya hata mmoja. Na karatasi ya majaribio ilitoka kwenye orodha hiyohiyo, hivyo kisichoandikwa hakikupimwa.

Mzee alisema Deogratias ndiye aliyeziunga karibu zote, na Deogratias hakuwahi kulalamika. Akampigia simu palepale, akaweka sauti ya nje ili binti asikie mwenyewe. Deogratias alikuwa fundi wa kuunga waya, mtu wa Songea, aliyestaafu mwezi wa sita akarudi kwao. Waliulizana hali za nyumbani, mahindi na magoti, kisha mzee akauliza alikuwa akikiunga kitufe cha dharura kwa orodha ipi.



"Kwa orodha ya kichwani, kaka. Kwenye karatasi hakikuwamo. Nilikuwa naongeza mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mchoraji wewe, cheti kiko ukutani. Nilikusitiri."

Adabu hiyo ndiyo waliyoishi nayo. Mwenzako akikosea, unarekebisha na kunyamaza. Yeye pia alikuwa amemfichia Deogratias mengi, na alijivunia hivyo hata mbele ya vijana.

Paneli kumi, basi, zilikuwa salama kwa fadhila ya mtu mmoja. Ya kumi na moja, baada ya Deogratias kustaafu, iliungwa na Lulu, mama wa watoto wawili, fundi makini, ambaye Mzee Nurdin mwenyewe alimwonya asiongeze wala asipunguze kitu kwenye orodha. Ilipelekwa Chanika Jumatatu, kwa Somoe, mwanamke mwenye mashine ya kusaga.

Walimpigia Somoe. Simu iliita hadi ikakata, mara nne.

"Hasikii," alisema Atuganile. "Anasaga."

Alitaka kwenda yeye. Mzee alimkatalia, akamwachia kazi ya kuendelea kupiga, akapanda bodaboda. Kutoka Gongo la Mboto hadi Pugu alimsihi dereva aongeze mwendo. Alikuwa akiukumbuka mkono wa Somoe. Jumatatu alifuatana na paneli kwa kuwa alipenda kufundisha, na kwa kuwa umeme ulikuwa haujaingizwa, alifundisha kwa maneno matupu. Mahindi mabichi yakiziba, bonyeza hapa kwanza, ndipo uingize mkono. Kitufe hiki hakidanganyi. Ndivyo alivyosema, na Somoe aliyarudia maneno hayo kama mtoto wa madrasa.

Mashine aliisikia tangu barabarani. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na ndoo zao. Somoe, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope, alikuwa akiuchungulia mdomo wa mashine ulioziba mahindi. Alipomwona mgeni alitabasamu, akanyoosha mkono wa kushoto akakigonga kitufe chekundu kwa kiganja, sawasawa na alivyofundishwa, na mkono wa kulia ukaanza kushuka mdomoni.

Mzee alipiga kelele. Mashine ikaimeza sauti yake. Akamdaka kiwiko, akamvuta kwa nguvu zote, ndoo ya mtu ikamwagika. Mwanamke mmoja kwenye foleni akauliza kama babu amekuja kutengeneza au kucheza mduara, na wenzake wakacheka. Somoe hakucheka. Alikuwa akikitazama kitufe kilichodidimia, na mashine iliyokuwa ikizunguka vilevile.

Mzee akashusha meni swichi ya ukutani. Visu vilichukua muda mrefu kunyamaza.

"Si uliniambia hakidanganyi?" alisema Somoe, mkono wake wa kulia ameukumbatia kifuani.

"Nilikuambia."

"Basi kaunga nani huyu?"

Jina la Lulu lilimfikia mzee ulimini, akalimeza.

"Aliyeunga kafuata nilichomwandikia. Kosa nimelichora mimi. Na niliambiwa nimekosea, nikamnyamazisha aliyeniambia."

Akavua koti, akafungua mlango wa paneli. Akautoa waya ulioruka, akaupitisha kwenye kitufe, ukaingilia ncha moja, ukatokea ya pili. Kazi ya dakika kumi. Kisha akamwomba Somoe awashe na abonyeze. Mara tatu alibonyeza, na mara tatu mashine ikazimika. Mzee akamwambia sasa anaweza kuingiza mkono.

"Nitatumia mwiko," alisema Somoe.

Siku ya pili yake Mzee Nurdin aliwaita Atuganile na Lulu mezani pake. Akamsimulia Lulu yote, hata lile jina lililotaka kumtoka. Lulu alimsikiliza, kisha akasema tu kwamba alikiona kitufe kile hakina waya, akaogopa kuuliza. Mzee akaifungua alama yake, akaiwekea ncha mbili kama Atuganile alivyomwelekeza: 11 pa kuingilia, 12 pa kutokea. Michoro yote kumi na moja ikatengemaa, na orodha zikatoka na kitufe ndani yake.

Ndipo akarudi kwenye mipangilio, akaliwasha onyo alilolizima.

Kioo kikajaa njano. Mistari iliteremka mmoja baada ya mwingine, ya vali, ya swichi, ya taa, ya vifaa alivyokwisha kuvisahau, hadi chini kabisa, ikaendelea. Lulu akavuta kiti.

Mzee akavaa miwani, akausoma mstari wa kwanza. Alama ilikuwa yake. Akausoma wa pili.